Banda Limekaa Wapi?

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Vipi tena?"

"Gemu yako mbovu. Nina maguta sita, hela haipandi."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, kipindi ambacho Mbeya jua linawaka lakini halimfai mtu. Kijana huyu wa Ilemi alikuwa kwenye kompyuta ya pembeni hapa kwangu ninapochezesha gemu, jaketi zito, viganja kavificha ndani ya mikono ya jaketi hadi amri zote anazitoa kwa ncha za vidole. Nikamuuliza swali moja: banda liko wapi? Akasema lipo. Nikamwambia najua lipo, nimeuliza limekaa wapi. Akaitazama skrini, akanitazama mimi, akairudia skrini.

Banda ni meli ya kupokelea mzigo kwenye gemu ya angani ya Homeworld, na matatizo yake karibu yote yanaanzia kwenye swali hilo, na kwa kuwa naulizwa jambo lilelile kila wiki, nimeamua kuliandika. Huu si mwongozo wa gemu nzima. Ni wa meli moja, ile isiyopiga risasi hata moja, ambayo vijana wanainunua, wanaiacha popote, wanaisahau, kisha wanalia njaa.

Majina kwanza. Gemu ni Homeworld, kazi ya Relic Entertainment ya Vancouver, Canada, iliyotoka 1999. Ya pili ikafuata 2003, na mwaka 2015 Gearbox wakazitoa zote mbili upya zikiwa zimepigwa msasa, pamoja na zile za zamani kama zilivyokuwa. Mashine zangu mbili za pembeni zina umri ambao sipendi kuutaja, haziwezi zaidi ya ile ya 1999, kwa hiyo ndiyo nitakayoisema hapa. Pale ya pili inapokwenda tofauti nitataja. Kisa chake ni cha watu walioishi kwenye sayari ya jangwa iitwayo Kharak, wakajenga meli kubwa kwenda kuitafuta asili yao, Hiigara, na waliporudi kutoka safari ya majaribio wakakuta sayari yao imechomwa moto. Hawana nyumbani pa kurudi kuchukua chochote. Kila chuma na kila bomba la meli zao linatoka kwenye mawe na mawingu ya vumbi wanayoyapita njiani.

Meli ile kubwa tunaiita Mama. Meli ndogo zinazokwenda kwenye mawe, zinajaza na kurudi kushusha, hapa kwangu zimeitwa maguta tangu siku ya kwanza, kwa sababu zina mwendo na sura ya guta lililobeba viazi kutoka shambani. Na ile meli ya kupokelea mzigo, unayoweza kuipeleka karibu na mawe ili maguta yasirudi hadi kwa Mama, ndiyo banda. Kwenye toleo la pili wameibadilisha jina na sura, kazi ni ileile. Namba ya RU, yaani vipimo vya rasilimali, iliyo kwenye skrini ndiyo hela.

Jina la banda nililitoa Rungwe, nilikokulia. Mkulima mdogo wa chai anachuma majani, anayatia kwenye kapu au gunia, anayapeleka banda la kijiji, yanapimwa kwenye mizani, yanaandikwa, halafu gari la kiwanda linapita kuzoa. Majani mabichi hayana subira; yakikaa yamejazana yanapata joto na kuharibika. Sasa fikiria kijiji kisicho na banda. Kila mchumaji abebe gunia lake hadi kiwandani kwa miguu, apime, arudi shambani. Hajawa mvivu, mikono yake ni ileile, lakini siku nzima imeliwa na njia. Ukilielewa hilo, meli hii umeielewa. Tofauti ni moja na ni ya kukupendelea: kwenye gemu hakuna gari la kiwanda la kusubiri. Guta likishusha bandani, hela imeingia.

MAGUTA YANAZUNGUKA, HELA HAIPANDI

Huu ndio ugonjwa wa kijana wa Ilemi, na ndio nitakaoukalia sana.

Usianze kwa kununua guta la saba. Kila mtu anaanza hapo, na anakuwa amelipia tatizo lake mwenyewe. Chagua guta moja, lisogelee kwa kamera, ulifuate safari moja kamili ukiwa na saa mkononi. Andika pembeni: linajaza kwa muda gani, linakwenda kushusha kwa muda gani, linarudi kwenye jiwe kwa muda gani. Kama kujaza ndiko kunakochukua sehemu kubwa ya safari, huna tatizo la banda, tafuta kwingine. Kama njia ndiyo inayokula muda, umeshalipata.

Tufanye hesabu ya kijana wetu kwa namba nyepesi. Tuseme guta linajaza kwa sekunde 40, linakwenda kushusha sekunde 50, linarudi sekunde 50. Hiyo ni safari ya sekunde 140. Ndani ya dakika saba, yaani sekunde 420, limeleta mizigo mitatu. Maguta sita, mizigo 18. Sasa lete banda karibu, njia iwe sekunde 10 kwenda na 10 kurudi. Safari imekuwa sekunde 60, na katika dakika saba zilezile guta limeleta mizigo saba. Maguta yaleyale sita, mizigo 42. Ukitaka mizigo hiyo 42 bila kusogeza banda, unahitaji maguta 14. Yaani ununue mengine manane ili kukwepa kubofya mara mbili. Muda wa kushusha nimeuacha nje makusudi. Hata ukiuingiza, picha haibadiliki.

Nilipomwonyesha hesabu hii kwenye kipande cha boksi la chai, akasema, "Sasa fundi, mbona banda langu lipo karibu? Tazama." Akabofya Space, ramani kubwa ikafunguka, na kweli, ukiitazama kutoka juu banda lilikuwa katikati ya mawe kama kuku kwenye vifaranga.

Hapo ndipo gemu hii inawaumbua waliozoea gemu za ardhini. Anga lina urefu, upana na kimo. Ukiitazama ramani kutoka juu, kitu kilicho chini sana ya mawe kinaonekana kimekaa juu yake. Mbeya tunalijua hili kuliko watu wengi. Ukisimama katikati ya mji ukautazama mlima Loleza, unaona unaweza kuugusa. Ukianza kuupanda ndipo unajua umbali ulikuwa unapanda nao. Zungusha kamera hadi uione ramani kwa ubavu. Tulipoizungusha, banda la kijana lilikuwa chini kabisa, peke yake, na maguta yanashuka na kupanda kama watu wa Kyela wanaokwenda mjini na kurudi.

Dawa: chagua banda, bofya M ya kusogea, na kabla hujathibitisha mahali shikilia Shift, upandishe au ushushe mshale kufikia kimo cha mawe. Kisha zungusha tena kamera kuhakiki. Wengi wanasahau Shift kwa sababu gemu haiwakemei. Inakubali amri yako ya bapa na kukuacha uhangaike.

Kuna sababu nyingine zinazotoa dalili hiihii, na ni vizuri uzipitie kabla ya kuridhika.

Mawe ya karibu yameisha. Hili linakuja polepole, ndiyo maana halionekani. Ulipoanza, banda lilikuwa mahali pake sawasawa, hela ikawa inaingia kama mvua ya mwezi wa tatu. Ukahamia vitani. Maguta yakala mawe ya jirani, yakasogea kwa yanayofuata, na yanayofuata, na sasa yapo mbali kabisa huku banda limebaki pale ulipoliacha. Hakuna kilichoharibika. Banda lina injini, halikujengwa kwa matofali; lifuate jembe linakolima. Mimi nina kawaida ya kulitazama kila ninaposikia mapigano yametulia, hata kama sina hamu.

Banda limeingizwa kwenye kikosi. Ulizoa meli zote kwa mausi, ukazipa namba moja kwa kutumia Ctrl, na banda likaingia humo. Kila unapotuma kikosi kwenda mbele, banda nalo linafunga safari na maguta yanalifukuza. Dalili yake ya kipekee: hela inaingia vizuri wakati umetulia, inakauka kila unapopigana. Lipe banda namba yake peke yake, na lisiwe namba iliyo jirani na ya kikosi cha vita kwenye kibodi. Mimi natumia 9.

Banda lipo upande usio sahihi. Umeliweka kati ya Mama na mawe, hatua chache tu kutoka kwa Mama, ukidhani umesaidia. Hapo umefungua banda la chai kwenye geti la kiwanda. Sogea hadi kwenye mawe yenyewe, na kama mawe yamekaa kwa mafungu mawili, usilitundike katikati ukitaka kuwafurahisha wote. Lipeleke kwenye fungu nono, maguta yote yakafuate, fungu la pili lisubiri.

Na kumbuka kwamba banda si mpokeaji pekee. Mama anapokea, na manowari ya kubebea ndege za vita nayo inapokea. Kama unayo manowari hiyo na haina kazi mbele, ipeleke kwenye fungu la pili la mawe. Kwenye kampeni ya 1999 Mama hasogei, amekaa pale alipotokea hadi mruko unaofuata, yaani kuhamia hatua nyingine, na ndiyo sababu banda kwenye toleo hilo lina thamani kuliko kwenye toleo la pili, ambako Mama anaweza kujikokota.

MAGUTA YAMESIMAMA KABISA

Hii ni nyepesi. Uliyaondoa kwa M, labda kuyakimbiza adui, na ukasahau kuyarudisha kazini. Amri ya kusogea inafuta amri ya kuchimba. Yachague, bofya H, yaelekeze kwenye jiwe.

Kama umebofya H na hakuna kitu, bofya H mara ya pili ukiwa umefungua sehemu ya kuandika jina la faili. Isipoandika, ni kibodi. Kwenye kibodi zangu mbili H ndiyo inayokufa mapema kuliko herufi zote na sasa mnajua kwa nini. Ing'oe kofia yake taratibu kwa bisibisi bapa, pulizia vumbi, futa kwa spiriti kidogo kwenye pamba, acha ikauke. Mtu mmoja aliwahi kuniletea kibodi yenye punje za wali chini ya H. Sikuuliza.

Na kama H inaandika vizuri ila maguta hayaendi, fungua ramani kubwa. Pengine mzigo umekwisha kote. Vijana hawaamini hili kwa sababu wanaona nukta nyeupe nyingi nyuma, wanadhani ni mawe. Zile ni nyota, mdogo wangu.

FOLENI BANDANI

Maguta yamejaa, yamekusanyika kuzunguka banda, moja linashusha na mengine yanasubiri zamu. Hapa kweli umefika mwisho wa uwezo wa banda. Kulisogeza hakusaidii. Nunua la pili, liweke fungu jingine la mawe, hamishia nusu ya maguta huko kwa H. Kuweka mabanda mawili bega kwa bega nako kunapunguza foleni, lakini hapo unapoteza faida nyingine yote ya kuwa na mawili.

Nitofautishe jambo. Foleni ya muda mfupi, ile inayotokea kwa sababu uliyatuma maguta yote kwa pamoja yakajaa kwa pamoja, si ugonjwa. Ngoja mizunguko michache yatatawanyika yenyewe.

BANDA LIMEKUFA

Halina bunduki, ni zito, na linakaa mbali na Mama kwa sababu mimi nimekuambia liweke mbali. Kwa hiyo hapa sina haki ya kukucheka.

Kabla ya kununua jingine, jua limekufaje, maana la pili litakufa vilevile. Yapo mambo mawili tu ninayoyaona mara kwa mara. La kwanza ni kuliweka upande wa mawe unaotazama adui. Mawe ni fungu pana. Lina ubavu wa kwako na ubavu wa kwao. Banda likae ubavu wako, maguta yatakayotokeza mbele yakipigwa utapata habari mapema, na banda litapata muda wa kukimbia. La pili ni kuliacha bila mlinzi kabisa kwa sababu kila meli yenye bunduki umeipeleka mbele. Meli chache ndogo zenye amri ya kulilinda zinatosha kuchelewesha ndege za adui hadi wakubwa wafike.

Mimi lilinitokea kwenye Bustani za Kadesh, ndani ya lile wingu kubwa ambalo lina mzigo wa kutosha kumtia mtu tamaa. Wenyeji wa humo hawataki wingu lao liguswe, na wana ndege ndogo nyingi zinazokuja kama kumbikumbi mvua ya kwanza ikinyesha. Mama hawezi kuruka kutoka hapo hadi uwe umepigana. Nilipeleka banda ndani kabisa kwa sababu ya tamaa hiyo, nikarudi kutazama pambano jingine, niliporejea hakuna banda, maguta yaliyobaki yamebeba mizigo yakielekea kwa Mama kwa mwendo wa jeneza. Guta likifa likiwa limejaa, mzigo wake umekufa nalo.

Uchungu wake ni kwamba kwenye Homeworld meli zako na hela yako vinakufuata hatua kwa hatua. Hakuna kuanza upya na ghala jipya kila ukifungua sura. Ukitoka Kadesh mnyonge, unaingia kunakofuata mnyonge. Kwa sababu hiyo mtu akipoteza banda na maguta manne kwa mpigo, ushauri wangu ni kurudi kwenye faili aliyohifadhi. Wapo wanaoona huko ni kudanganya. Basi na wavumilie.

Kama banda limejeruhiwa tu, toleo la 1999 lina meli ndogo za kufanyia matengenezo, ziite. Toleo la pili ni rahisi zaidi: maguta yenyewe yanaweza kutengeneza meli kubwa, kwa hiyo mafundi unao palepale bandani.

HELA IPO, MELI HAZITOKI

Hii unaniletea mimi lakini haihusu banda. Utafiti haujakamilika, au idadi ya aina hiyo ya meli imefika kikomo, au umepanga foleni ndefu ya meli kubwa na ile unayoitaka ipo mwisho. Tazama hayo matatu, uendelee na maisha.

HATUA IMEISHA, MAWE YAMEBAKI

Kwenye toleo la pili usijali. Ukimaliza malengo, mzigo uliobaki unaingizwa kwenye hesabu yako wenyewe kabla ya mruko. Kwenye ile ya 1999 hakuna huruma hiyo. Unapoambiwa uko tayari kuruka, kitufe kipo mkononi mwako, na ukibofya umeyaacha mawe yote uliyoyashinda vitani.

Basi usibofye. Adui amekwisha, hakuna tena wa kuvizia, sasa ndio wakati wa banda kufanya kazi yake kwa uhuru. Lisogeze kila fungu, moja baada ya jingine, hadi ramani iwe tupu. Linachosha, sikatai. Hapa kwangu kuna vijana wanaoliacha banda na maguta yakichimba wakaenda Mwanjelwa kula chipsi, wakarudi. Ila ukiliacha peke yake kwenye fungu moja, utarudi ukute maguta yanasafiri masafa marefu kuelekea upande mwingine wa ramani, na saa nzima imeleta mzigo wa robo saa. Kila baada ya muda rudi ulisogeze.

Kabla ya kwenda kula chipsi, hifadhi. Nitalirudia hili mwishoni kwa sababu maalumu.

HELA NYINGI, LAKINI ADUI NAYE AMEZIDI

Kuna kijana mmoja wa Uyole, mchumaji hodari kuliko wote niliowahi kuona, aliyekuja na malalamiko haya kwenye toleo la pili: "Kila nikijipanga vizuri, wanakuja wengi zaidi. Gemu inaniona." Hajakosea. Kampeni ya toleo la pili inapima nguvu ya msafara unaoingia nao, na inapanga adui kulingana nao. Ukiingia na meli zilizojaa hadi pomoni, utakutana na wenzako waliojaa hadi pomoni.

Kwa hiyo kama kila kitu bandani kinakwenda sawa na bado unapigwa, huenda umeshiba vibaya. Hela iliyokaa kama hela haipigani, lakini kila ukiigeuza manowari unampa adui sababu. Ninachopendekeza ni kuingia hatua mpya na msafara wa wastani na hela mfukoni, halafu kuunda meli baada ya kuona nani amekuja. Najua wapo watakaonipinga, na wana hoja: msafara mdogo una hatari yake mwanzoni mwa hatua ambazo adui anakuvamia kabla hujanawa uso. Mimi bado nipo upande wangu.

Na kuna kundi la tatu, ambalo halihangaiki na maguta wala banda. Hawa wanatumia zile meli ndogo za kuvuta, mbilimbili, tatutatu, zinakwenda kunasa meli ya adui ingali nzima na kuikokota hadi kwa Mama. Tunawaita vibaka wa Kabwe, kwa utani, watu wa Kabwe wasinune. Kwenye toleo la 1999 kibaka mzuri anaweza kujaza msafara kwa meli za wizi, na zile asizozitaka akazistaafisha kwa Mama na kurudishiwa sehemu ya thamani yake. Ni mbinu halali, imo ndani ya gemu. Lakini hata kibaka anahitaji hela ya kununulia meli za kuvuta zinapokufa, na zinakufa nyingi, kwa hiyo mwisho wa siku huwa namwona anauliza kuhusu banda kama wengine.

SKRINI, MAUSI NA UMEME

Baadhi ya matatizo ya banda hayapo angani. Mausi ambayo kitufe chake cha kulia kimelegea itakunyima kuzungusha kamera, na bila kuzungusha kamera hutaona kimo, tumerudi kwenye ugonjwa wa kwanza. Jaribu mausi nyingine kabla hujalaumu mkono wako. Skrini kuukuu iliyofifia inameza mawingu ya vumbi kabisa. Ongeza mwanga, au tumia ramani kubwa badala ya macho. Na kompyuta ikianza kukwama maguta yanapokuwa mengi, mara nyingi ni joto: kuanzia mwezi wa tisa vumbi la mji huu linaingia hadi kwenye feni za ndani, linajisokota kama sufi. Fungua kifuniko, toa vumbi kwa brashi laini huku umeshikilia feni isizunguke.

Umeme ukipanda na kushuka, stabilaiza inasaidia. Ukikatika kabisa, stabilaiza ni boksi tu. UPS yenye betri nzima itakupa dakika chache, za kutosha kuhifadhi, si za kumaliza vita. Mimi nina UPS tatu na kompyuta tano, na mnajua mashine za pembeni zipo upande gani wa hesabu hiyo.

Kijana wa Ilemi alisogeza banda. Mara ya kwanza akasahau Shift. Mara ya pili akapandisha kupita kiasi, banda likawa juu ya mawe kama mwezi. Mara ya tatu likakaa. Maguta yakaanza kuingia na kutoka bila kupumzika, namba ikapanda, akatoa mikono yote miwili kwenye jaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ndaga fijo, fundi," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ingawa yeye si Mnyakyusa, alitaka tu kunifurahisha.

"Umehifadhi?" nikamuuliza.

Akaanza kusema "bado kidogo", na umeme ukakatika aliposema "kidogo".

Ulirudi saa mbili na nusu usiku. Alikuwa bado kwenye benchi, zipu imepanda hadi kidevuni, kile kipande cha boksi chenye hesabu kakikunja na kukitia mfukoni.